Tamasha au Tamthilia? Kuielewa Roki ya Jukwaani na Msisimko Wake

Mwezi Aprili 2023, katika ukumbi wa Palace Theatre jijini Manchester, Uingereza, onyesho la tamthilia ya muziki iitwayo The Bodyguard lilikatizwa likiwa limekaribia kabisa kumalizika. Mitambo ilikuwa mizima na wasanii walikuwa wazima. Tatizo lilikuwa baadhi ya watazamaji walioimba kwa sauti ya kuwafunika wasanii wenyewe, wakaombwa wanyamaze, wakagoma, hadi polisi wakaitwa. Siku zilizofuata watu waligawanyika. Wapo waliosema: nimelipa tiketi nimsikie msanii, sikuja kumsikiliza mtu wa kiti cha nyuma. Wengine wakauliza: wimbo naujua mwanzo hadi mwisho, unapigwa mbele yangu kwa vyombo vya kweli, mdomo nitaufungaje?

Ubishi huo huibuka upya kila mara, nami naona mzizi wake si utovu wa adabu peke yake. Watu wengi hukata tiketi bila kuwa na hakika wanakwenda kwenye kitu gani: tamasha, mchezo wa kuigiza, au filamu iliyopandishwa jukwaani. Utata huzidi muziki wenyewe unapokuwa roki. Roki imetuzoesha kusimama, kupaza sauti na kurukaruka. Tamthilia imetuzoesha kukaa gizani na kusikiliza. Viwili hivyo vikikutana mtazamaji hajui afuate desturi ipi, na mara nyingi hutoka ukumbini mwili ukimsisimka bila kuweza kueleza ni nini hasa kilichompata. Makala haya yanajaribu kulifungua fundo hilo.

Majina kwanza

Tamthilia ya muziki ni mchezo wa kuigiza ambamo wahusika huzungumza, na maneno makavu yanaposhindwa kubeba walicho nacho moyoni, huimba. Wimbo ni sehemu ya hadithi: ukiuondoa, kuna jambo mtazamaji atalikosa. Hapo ndipo inapoachana na tamasha, ambako msanii huimba kwa jina lake mwenyewe na huweza kuzipanga nyimbo zake apendavyo. Opera nayo ni hadithi ya kuimbwa, ila kwa desturi waimbaji wake hufunzwa kuujaza ukumbi kwa sauti tupu, bila maiki, juu ya okestra nzima.

Tamthilia ya roki ni tamthilia ya muziki iliyosimama juu ya gitaa la umeme, gitaa la besi, dramu na kinanda, ikiimbwa kwa koo la roki: sauti iliyojaa, yenye mikwaruzo, na wakati mwingine ukelele. Pale ambapo hadithi nzima inaimbwa, karibu bila mazungumzo ya kawaida, watu huiita opera ya roki. Jesus Christ Superstar ni mfano unaofahamika zaidi. Lakini jina hilo hutumika kwa ulegevu. Albamu ya Tommy ya kundi la The Who iliitwa opera ya roki tangu ilipotoka mwaka 1969, ilhali ilifika Broadway mwaka 1993. Na tunaposema Broadway tunamaanisha majumba makubwa ya tamthilia, 41 kwa idadi, yaliyoko Manhattan, New York, kila moja likiwa na viti visivyopungua 500. West End ni mwenzake wa London.

Ipo pia aina ambayo nyimbo zilitangulia kuvuma, kisha hadithi ikashonwa kuzizunguka. We Will Rock You, iliyotumia nyimbo za kundi la Queen na kudumu katika ukumbi wa Dominion jijini London kuanzia 2002 hadi 2014, ni ya aina hiyo. Wengi wanaobishana kuhusu kuimba ukumbini huwa wametazama tamthilia za namna hii, halafu wanadhani zote ziko hivyo. Hair, Rent na Spring Awakening ziko tofauti: nyimbo zake zilitungwa kwa ajili ya wahusika, ndani ya hadithi, na ukizikuta nje ya hadithi zinakuwa zimepungukiwa. Kati ya makundi hayo kuna zilizosimama mpakani, kama American Idiot, iliyozaliwa kutokana na albamu ya kundi la Green Day ya mwaka 2004 na kufika Broadway mwaka 2010.

Ndoa iliyoanza kwa dhihaka

Kabla ya mwaka 1967, Broadway iliitazama roki kama kichekesho. Bye Bye Birdie, ya mwaka 1960, ilimtania mwimbaji kijana anayeitwa jeshini huku wasichana wakizimia kwa ajili yake. Kila mtazamaji alijua anayetaniwa ni Elvis Presley. Roki iliruhusiwa jukwaani mradi ichekwe.

Hair ndiyo iliyoivunja hali hiyo. Ilioneshwa kwanza katika Public Theater, New York, Oktoba 1967, na ikaingia Broadway tarehe 29 Aprili 1968. Waandishi wake, Gerome Ragni na James Rado, walikuwa waigizaji waliotaka kuwaweka jukwaani vijana waliokuwa wakiwaona mitaani: wenye nywele ndefu, wanaokataa kupelekwa vitani Vietnam. Muziki ulitungwa na Galt MacDermot, mzaliwa wa Montreal, Kanada, na hapa kuna jambo ambalo husahaulika mno. MacDermot alisomea muziki Cape Town, Afrika Kusini, na midundo aliyoisikia huko aliondoka nayo. Anayedhani kwamba tamthilia ya kwanza kubwa ya roki ni mtoto wa gitaa za Marekani peke yake hajaisikiliza Hair vizuri upande wa dramu na besi.

London nako ilibidi sheria ibadilike kwanza. Tangu mwaka 1737 maandishi ya tamthilia Uingereza yalihitaji kibali cha ofisa wa jumba la kifalme kabla ya kuchezwa. Udhibiti huo ulifutwa na sheria ya mwaka 1968, ukakoma Septemba, na Hair ikafunguliwa katika ukumbi wa Shaftesbury tarehe 27 mwezi huohuo, mara tu mlango ulipofunguka. Waliokuwepo walikuwa wakitazama kitu ambacho siku chache nyuma kingeweza kuzuiwa kisheria. Nina hakika hilo lenyewe liliwasisimua kabla hata gitaa halijalia.

Jesus Christ Superstar ilipita njia nyingine. Watunzi wake, Andrew Lloyd Webber na Tim Rice, walikosa mtu wa kuigharamia jukwaani, wakaitoa kama albamu mwaka 1970, sauti ya Yesu ikiimbwa na Ian Gillan wa kundi la Deep Purple. Albamu ikashika nafasi ya kwanza Marekani. Onyesho lilipofunguliwa Broadway Oktoba 1971, watu waliingia ukumbini wakiwa tayari na nyimbo kichwani, wakitaka kuzisikia kwa uzito uleule waliouzoea kwenye spika za nyumbani. Majumba yale yalikuwa yamejengwa kwa ajili ya sauti ya mtu na okestra ya kawaida. Aliyeitwa kusaidia ni Abe Jacob, fundi sauti aliyewahi kumfanyia kazi mpiga gitaa Jimi Hendrix kwenye matamasha. Kuanzia hapo kupanga sauti ya tamthilia kukawa taaluma kamili, yenye mtu wake na jina lake kwenye orodha ya waandaaji.

Pembea na safari

Sasa tufike kwenye kiini. Kwa nini ndoa hii ni ngumu, na kwa nini ikifaulu inatikisa kuliko tamasha la kawaida?

Wimbo wa roki umejengwa kama pembea. Una ubeti, una kiitikio, unarudi kwenye ubeti, unarudi kwenye kiitikio, na raha yake imo katika kule kurudi. Unataka kiitikio kije tena, na kikija unataka kije mara nyingine. Mwisho wa wimbo uko palepale ulipoanzia, umefurahi tu zaidi. Wimbo wa tamthilia hauruhusiwi kukaa pale. Mhusika aliyeanza wimbo akiwa na shaka anapaswa kuumaliza akiwa ameamua jambo, au amevunjika, au amegundua kitu. La sivyo hadithi imesimama, na mtazamaji huanza kujigeuzageuza kitini.

Kwa hiyo watunzi wa roki ya jukwaani wanavuta kamba pande mbili. Wakifuata sana roki, wanapata tamasha lenye mavazi ya maigizo. Wakifuata sana hadithi, gitaa linabaki kuwa pambo. Malalamiko ya kambi zote mbili nayaelewa: wapenzi wa roki husema muziki umechujwa makali, na wapenzi wa tamthilia husema kelele zimemeza maneno. Zipo kazi nyingi zinazostahili lawama hizo. Lakini kazi zilizo bora zimepata njia, na inafaa kuzitazama kwa karibu.

Spring Awakening iliingia Broadway mwishoni mwa mwaka 2006, muziki wa Duncan Sheik na mashairi ya Steven Sater. Hadithi yake inatokana na mchezo wa Mjerumani Frank Wedekind wa mwaka 1891, kuhusu wanafunzi waliozingirwa na wazazi na walimu wasiotaka kuwaeleza lolote kuhusu miili yao. Wakiwa darasani ni watoto wa karne ya 19, wameketi wima, wamefunga vifungo hadi shingoni. Kisha mmoja anatia mkono ndani ya koti la shule, anatoa maiki, na dramu inalipuka. Hakuna anayezungumza naye katika dunia ya hadithi. Anaimba kile asichoweza kumwambia mtu yeyote. Wimbo ukiisha, maiki inarudi kotini na mwalimu anaendelea kukaripia kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapo roki imepewa kazi ambayo muziki mwingine ungeifanya kwa shida: ni sauti ya ndani ya mtu aliyezibwa mdomo. Pembea yenyewe imekuwa sehemu ya hadithi, kwa sababu mtoto yule kweli amekwama, anazunguka palepale.

Hedwig and the Angry Inch, ya mwaka 1998, ilitumia mbinu nyingine. Ni tamasha tangu mwanzo: mwimbaji na bendi yake wako jukwaani, naye kati ya wimbo na wimbo anatusimulia maisha yake. Hatuhitaji kujiuliza kwa nini anaimba, maana hiyo ndiyo kazi yake. Taratibu tunatambua kwamba usiku ule anavunjikavunjika mbele yetu, na kwamba sisi tulioketi pale ndio watazamaji ndani ya hadithi yenyewe.

Na tukirudi kwa Jesus Christ Superstar, chukua tukio la bustani ya Gethsemane. Yesu yuko peke yake, wafuasi wamelala, anamuuliza Mungu kwa nini ni lazima afe. Sauti inapanda hadi inakuwa ukelele. Kwenye tamasha, ukelele wa namna ile ni madoido. Msanii anakuonyesha koo lake linaweza nini. Katika hadithi hii ni mtu anayeomba uhai wake, na kila aliye ukumbini anajua jibu litakuwa nini. Noti ni ileile, kilichobadilika ni sababu yake. Msisimko wa roki ya jukwaani, kwa maoni yangu, umelala hapo hasa: nguvu ya muziki inapopata sababu kutoka kwa mtu uliyemfuatilia kwa saa nzima na ambaye sasa unamjali.

Mwili nao una lake

Wapo wanaosema siri ni sauti kubwa tu. Dai hilo lina ukweli kidogo na kosa kubwa.

Ukweli wake ni huu. Waya wa chini kabisa wa gitaa la besi hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Wimbi la sauti hiyo lina urefu wa zaidi ya mita 8, linapita kwenye viti, sakafu na kifua chako, na ngozi hulipokea pamoja na sikio. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika kwenye tamasha halisi la muziki wa kielektroniki. Walikuwa wakiwasha na kuzima spika maalumu za sauti za chini mno, ambazo watu hawakuweza kutambua kama zimewashwa au la. Zilipowashwa, watu walicheza kwa karibu asilimia 12 zaidi. Mwili uliitika jambo ambalo akili haikuwa na habari nalo. Simu na spika ndogo haziwezi kutoa sauti hizo ipasavyo, na hiyo ni sababu mojawapo inayofanya wimbo uliousikia mara nyingi ukupige kwa upya ukumbini.

Kosa lake ni kudhani kwamba kuongeza sauti ni kuongeza msisimko. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walionyesha kwamba mtu anapofikia kilele cha wimbo anaoupenda, pale vinyweleo vinaposimama, ubongo hutoa dopamini, kemikali ileile inayohusika na raha ya chakula. Walionyesha pia kwamba dopamini hutoka sekunde kadhaa kabla ya kilele, wakati wa kukisubiri. Kusubiri ni nusu ya raha. Na tamthilia, kuliko tamasha, ina uwezo wa kukusubirisha saa mbili. Onyesho linalopiga kwa nguvu zote tangu dakika ya kwanza huwa limejinyima kilele chake lenyewe. Ukisikiliza kwa makini onyesho lililopangwa vizuri utagundua sehemu nyingi ziko kimya kuliko ulivyotarajia: gitaa moja, sauti moja, dramu zimekaa kando zikingoja.

Kisha kuna wenzako ulioketi nao. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2023, vilivyochukuliwa kwenye matamasha ya muziki wa kiklasiki, vilionyesha kwamba mapigo ya moyo, mwendo wa kupumua na unyevu wa ngozi vya watu waliokaa ukumbi mmoja huelekea kwenda sambamba wakati wa kusikiliza. Sina haja ya kulikuza jambo hilo zaidi ya lilivyo. Lakini aliyewahi kuwa ndani ya ukumbi ambao watu mia nane wameacha kukohoa kwa wakati mmoja anajua linahusu nini.

"Wanaimba pleibaki hao"

Dhana hii ni sugu kuliko zote, na inaeleweka: tumedanganywa mara nyingi na wasanii wanaopanda jukwaani na kutikisa midomo juu ya wimbo uliorekodiwa. Katika tamthilia za Broadway na West End, sauti kuu za wahusika huimbwa papo hapo, na bendi hupiga papo hapo. Baadhi ya maonyesho huongeza tabaka zilizorekodiwa, kwa mfano sauti za nyuma wakati kila mtu anacheza kwa kasi, au milio ambayo bendi ya watu wachache haiwezi kuitoa. Wapiga vyombo huongozwa na mlio wa kuhesabu mapigo masikioni ili waende sawa na tabaka hizo. Wanamuziki wenyewe wamekuwa walinzi wakali wa mpaka huu. Machi 2003 wanamuziki wa Broadway waligoma kwa siku nne kupinga kupunguzwa kwa idadi yao na kuwepo kwa mashine za kuigiza okestra, nao waigizaji na wafanyakazi wa jukwaani wakawaunga mkono kwa kukataa kuingia kazini. Tamthilia karibu zote za muziki zikafungwa siku hizo.

Tazama fundi sauti anavyofanya kazi, utaona kwa nini pleibaki si njia ya mkato kama inavyodhaniwa. Maiki ndogo zimefichwa kwenye ukingo wa nywele za waigizaji, au zimenyooshwa shavuni. Zikiwa wazi zote kwa pamoja, kila moja ingenasa dramu na gitaa, na ukumbi ungejaa mvumo usioeleweka. Kwa hiyo fundi hufungua maiki ya mhusika anapoanza kutamka, huifunga anapomaliza, sentensi kwa sentensi, onyesho zima. Vidole vyake vimeukariri mchezo kama waigizaji walivyoukariri. Akichelewa kidogo, neno la kwanza linapotea. Na katika roki neno ndilo la kwanza kuzama, kwa sababu gitaa la umeme na sauti ya mtu hugombea eneo lilelile la masikio yetu. Mimi huona ushindi mkubwa zaidi wa onyesho la roki ni mtazamaji wa mstari wa mwisho kusikia kila silabi huku kifua kikitikisika.

Kuna ujanja mwingine ninaoupenda. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo mtu aliye mita 34 kutoka jukwaani huipata baada ya sehemu ya kumi ya sekunde. Umeme kwenye waya unafika mara moja. Spika iliyofungwa juu ya kichwa chako nyuma ya ukumbi ingekuletea sauti kabla ya ile ya jukwaani, na ubongo wako ungeamini mwimbaji yuko darini. Mafundi huichelewesha spika hiyo makusudi, kidogo tu kupita sauti inayotoka mbele, nawe unaendelea kuamini kwamba kila kitu kinatoka kinywani mwa yule unayemtazama.

Juu ya hayo, watu hao hufanya kazi hii mara nane kwa wiki. Koo la roki linalokwaruza bila kufunzwa lingechakaa upesi. Waimbaji hawa hujifunza kutoa mkwaruzo kwa misuli iliyo juu ya nyuzi za sauti ili nyuzi zenyewe zisisuguane. Nyuma ya jukwaa wapo waigizaji wa akiba, wengine wakiwa wamekariri nafasi sita au zaidi, wanaoweza kuambiwa saa moja kabla kwamba leo zamu ni yao. Ukikuta jina la akiba limebandikwa mlangoni usidhani umepunjwa. Huenda usiku huo ukashuhudia mtu aliyengoja miezi kadhaa akiutumia mwanya wake wote.

Hatari ya kukosea haijifichi. Januari 2019 kituo cha Fox cha Marekani kilipanga kurusha Rent mubashara kwenye televisheni. Mmoja wa waigizaji wakuu akavunjika mguu kwenye mazoezi ya mwisho, na sehemu kubwa ya kilichorushwa ikawa rekodi ya mazoezi hayo. Ukumbini hakuna rekodi ya kukimbilia.

Rent yenyewe ina usiku mmoja unaoeleza mengi. Jonathan Larson, aliyeitunga kwa miaka kadhaa kwa kuihamishia opera ya La Bohème kwa vijana wa New York wanaoishi na umaskini na UKIMWI, alifariki ghafla alfajiri ya tarehe 25 Januari 1996, akiwa na umri wa miaka 35, siku ambayo watazamaji wa kwanza waliolipa tiketi wangeingia. Onyesho lilifutwa. Jioni waigizaji walikusanyika mbele ya familia na marafiki kuimba nyimbo zote wakiwa wamekaa, bila kuigiza. Walivumilia sehemu kubwa ya nusu ya kwanza. Ilipofika sherehe ya wahusika kucheza juu ya meza, hawakuweza tena kukaa. Wakainuka, na kilichobaki wakakicheza kama kilivyopangwa. Mwezi Aprili tarehe 29, siku ileile Hair ilipoingia Broadway miaka 28 nyuma, Rent nayo ikaingia, ikiwa tayari imepata Tuzo ya Pulitzer ya tamthilia, na ikadumu hadi Septemba 2008 kwa maonyesho 5,123. Waandaaji walitenga viti vya mistari miwili ya mbele kwa dola 20 siku ya onyesho, na vijana wakalala foleni kuvipata, ili hadithi ya watu wasio na kodi ya nyumba isitazamwe na wenye pesa peke yao.

Kabla hujakata tiketi

Je, filamu ya onyesho inatosha? Kwa wengi wetu ndiyo njia pekee, na sioni aibu yoyote hapo. Onyesho la mwisho la Rent lilirekodiwa mwaka 2008 na ni hazina. Kumbuka tu kwamba kamera imekuchagulia pa kutazama. Ukumbini ungeweza kumwacha anayeimba ukamtazama anayemsikiliza, na katika tamthilia nzuri mara nyingi jambo liko kwa anayesikiliza.

Kuhusu kuimba na kusimama, angalia hadithi inakuhitaji uwe nani. Kuna maonyesho yanayokualika waziwazi: mwishoni mwa Hair watazamaji huitwa kupanda jukwaani kucheza, na The Rocky Horror Show, iliyoanza mwaka 1973 katika chumba kidogo cha Royal Court jijini London, imejizolea mashabiki wanaojibizana na wahusika. Kuna mengine, kama Next to Normal, iliyopata Pulitzer mwaka 2010, inayomhusu mama anayeugua akili na familia inayosambaratika naye. Muziki wake ni roki kamili, lakini ukiimba pamoja na mama huyo utakuwa umemkatiza mtu katikati ya maumivu yake. Maonyesho mengi hutoa ruhusa mwishoni, wahusika wakishaaga na bendi ikaendelea kupiga. Hapo simama, imba utakavyo.

Wengi huuliza kama wasikilize albamu kwanza. Kwa opera ya roki, ambako hakuna maelezo ya kukusaidia, mimi nasema ndiyo, walau mara moja, ili maneno ya kasi yasikupite. Kwa tamthilia yenye mazungumzo, sikiliza nyimbo mbili tatu za mwanzo na uache zilizobaki. Albamu huweza kukufichulia kifo ambacho hukutakiwa kukijua mapema. Masikio nayo yalinde. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, linataka wastani wa sauti kwenye kumbi usizidi desibeli 100, na vizibo vidogo vya masikioni havikuondolei mtetemo wa kifuani.

Kiti kina maana kuliko watu wanavyodhani. Mbele utaona jasho, vidole vya mpiga gitaa, na jinsi mwigizaji anavyovuta pumzi kabla ya noti ngumu, ila dramu zinaweza kukufunikia maneno. Nyuma katikati, karibu na meza ya fundi sauti, utasikia onyesho kama lilivyokusudiwa kusikika. Kwa mara ya kwanza ningekaa nyuma, niipate hadithi yote. Nikibahatika kurudi, ningekaa mstari wa mbele kabisa, upande ule bendi ilipo.